Tepu ya Rili: Volti Siyo Hezi, na Mengine Yanayowachanganya Wanunuzi

Tamka neno "rili" kijiweni Arusha, kijana atatoa simu akuonyeshe video fupi ya Instagram. Litamke mbele ya mzee aliyepita studio za redio miaka ya 1970, yeye atainua mikono miwili kama aliyeshika sinia mbili, azizungushe hewani. Siku hizi rili za kijana ndizo zinazotangaza rili za mzee: mashine kubwa, magurudumu mawili yakizunguka polepole, mishale ya mita ikicheza, na chini yake maswali yanamiminika. Hiyo ni gramafoni? Ya babu ipo stoo Marangu, ni milioni ngapi? Nikiagiza ya Marekani nikaweka transfoma, itapiga?

Swali la mwisho ndilo linalokula fedha za watu, na jibu wanalopewa mara nyingi ni nusu ya ukweli. Lakini ili lieleweke, tuweke kwanza majina mahali pake.

Santuri ni sahani yenye mifereji inayosomwa na sindano. Kaseti ni mkanda mwembamba uliofungiwa ndani ya kasha la plastiki. Rili ni gurudumu la plastiki au la bati lililoviringishwa mkanda ulio wazi, bila kasha: unaufungua kwa mkono, unaupitisha mbele ya hedi, kisha unauviringisha kwenye rili tupu upande wa kulia. Mashine inayofanya kazi hiyo ndiyo tepu ya rili. Humu "mkanda" ni ule unaobeba sauti. Mpira unaozungusha mitambo ndani ya mashine tutauita belti, kama mafundi wanavyouita.

Mkanda wenyewe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndiyo maana nyingi zina rangi ya kahawia. Hedi ni sumaku ndogo ya umeme. Wakati wa kurekodi hedi inazipanga chembe za chuma kwa kufuata sauti; wakati wa kusikiliza chembe hizo zinapita mbele ya hedi na kuzaa umeme mdogo unaokuzwa hadi kwenye spika. Mashine ya kwanza ya namna hii iliyouzwa, Magnetophon ya kampuni ya AEG, ilionyeshwa Berlin mwaka 1935. Kaseti ya Philips ilikuja 1963. Kwa hiyo anayeiita rili "kaseti kubwa" amemwita baba kwa jina la mtoto.

Mtoto huyo alinyimwa nafasi. Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.8 na unapita kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Wa rili una milimita 6.3, na kwa spidi ya kawaida ya muziki unapita sentimita 19 kwa sekunde. Ni kama watu wawili walioambiwa waandike barua ileile, mmoja akapewa karatasi ya pipi na mwingine akapewa daftari kubwa. Utamu wa sauti ya rili unaosifiwa umetoka hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Jambo moja la ndani linalokosewa sana: rili ya kulia haivuti mkanda. Ingekuwa inavuta, spidi ingebadilika kadiri rili inavyonenepa. Mvutaji ni kapstani, kijiti cha chuma kinachozunguka karibu na hedi, akisaidiwa na rola ya mpira inayoubana mkanda juu yake. Rili ya kulia inakusanya tu. Basi ukisikia muziki unayumba kama aliyelewa, usianze kulaumu rili. Tazama kapstani, rola na belti.

Mikanda kwanza, mashine baadaye

Moshi palikuwa na studio ya Sauti ya Injili ya Walutheri, iliyorekodi vipindi vya Kiswahili vya kurushwa na kituo cha Addis Ababa, kilichoanza hewani 1963 na kutaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Redio Tanzania nayo ilijengwa juu ya mikanda ya rili. Ongeza wamisionari, wenye mashamba, watafiti na watu waliorudi na tepu kutoka masomoni Ulaya. Ndiyo maana maboksi ya rili yanaibuka kwenye stoo za huku, na ndiyo maana hayafanani. Mashine inayofaa boksi moja inaweza isifae kitu kwa boksi la pili. Anayenunua mashine kabla ya kujua mikanda yake ikoje amenunua viatu kabla ya kupima mguu.

Cha kujua ni namba, wala si jina la kampuni.

Namba ya kwanza ni njia. Chukulia mkanda kuwa ni lami ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Upana uleule unaweza kuachwa uwe njia moja pana, ukagawanywa njia mbili, au ukagawanywa njia nne. Kwenye njia nne za stereo, mbili zinakwenda na mbili zinarudi: ukifika mwisho unageuza rili na kusikiliza upande wa pili. Sasa weka mkanda wa njia nne kwenye mashine ya njia mbili. Hedi yake ni pana, inafagia magari yanayokwenda pamoja na yanayorudi, na utasikia kwaya inaimba huku chini yake watu wanaongea kinyumenyume. Wapo walioogopa na kudhani mkanda umeingiwa na kitu. Kilichoingia ni upande wa pili tu.

Kinyume chake kina nafuu. Mashine ya njia nne inausoma vizuri tu mkanda wa njia moja, na hata wa njia mbili uliorekodiwa kuelekea upande mmoja, ila sauti inapungua kidogo na mvumo unaongezeka, kwa sababu hedi inasoma kipande cha lami badala ya lami nzima. Ukiwa na mikanda ya mchanganyiko na fedha ya mashine moja, njia nne inasamehe zaidi. Ukiwa na mikanda ya studio pekee, tafuta njia mbili wala usihangaike na nyingine.

Namba ya pili ni spidi, kwa sentimita kila sekunde: 4.76, 9.5, 19 na 38. Maboksi mengi yameandikwa kwa inchi, yaani 1⅞, 3¾, 7½ na 15. Kila moja ni nusu ya inayofuata. Mazungumzo na mahubiri ya nyumbani mara nyingi ni 9.5, muziki 19, na studio ni 19 au 38. Mashine nyingi za nyumbani hazina 38. Mkanda wa 9.5 ukiupiga kwa 19 unapata sauti za katuni, lakini hiyo siyo hasara kubwa: ukihamishia kwenye kompyuta unaweza kuupunguza spidi kwa nusu, na kwa mazungumzo matokeo yanasikilizika vizuri.

Ya tatu ni ukubwa wa rili: sentimita 13, 18 au 26.5. Mashine ya Akai GX-4000D inaishia 18. Uher 4000 Report, ile ndogo waliyoibeba waandishi wa redio begani, inaishia 13. Revox A77 (1967) na B77 (1977) zinabeba 26.5, ila rili hizo zenye tundu kubwa katikati zinahitaji adapta mbili za kuzishika, na adapta ndizo hupotea kwanza. Ili ujue unachobeba: rili ya sentimita 18 yenye mkanda wa mita 540 inacheza dakika 47 kwa spidi ya 19, na dakika 95 hivi kwa 9.5.

Mwalimu wa kwaya na transfoma

Namba ya nne ndiyo yenye mtego, nayo imo kwenye ukuta wa nyumba. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wa Japani ni volti 100, hezi 50 mashariki ya nchi na 60 magharibi.

Fikiria volti kuwa nguvu za mkono wa mwalimu wa kwaya, na hezi kuwa mwendo anaopigia. Transfoma inapunguza nguvu za mkono. Mwendo haiugusi. Mashine nyingi za zamani zina mota zinazofuata mwendo wa umeme kama wanakwaya wanavyofuata mkono: mota iliyotengenezewa mapigo 60 kwa sekunde, ukiipa 50, itazunguka kwa 50. Haitalalamika, itachelewa tu, ingawa inaweza kupata joto zaidi. Sentimita 19 zitakuwa karibu 15.9. Wimbo wa dakika tatu utachukua dakika tatu na sekunde 36, na sauti itashuka kiasi kwamba "do" itasikika kama "la" iliyo chini yake. Waimbaji wa soprano watageuka alto.

Sasa ona mtego. Mnunuzi anauliza, "Mzee wangu, si ni ya Marekani hii, itapiga sawa kweli?" Muuzaji anajibu, "Mwanangu, transfoma ninayo, subiri usikie," anaweka mkanda, na muziki unatoka safi. Hajadanganya. Mkanda ule ulirekodiwa kwenye mashine ileile, kwa uchelewaji uleule, na makosa mawili yanayolingana yanafutana. Ukifika nyumbani na mkanda wa redio ndipo unapokutana na mtangazaji mwenye sauti ya kutoka kisimani.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Chukua mkanda usio na thamani, tia alama mbili zinazoachana mita 5 na sentimita 71. Pigisha kwa spidi ya 19 na utumie saa ya simu kuhesabu muda kati ya alama ya kwanza na ya pili kupita kwenye hedi. Iwe sekunde 30. Ukipata 36, hiyo ni mashine ya hezi 60. Ukipata 31 au 32, tatizo ni rola au belti inayoteleza, na hilo linatibika.

Mashine ya hezi 60 nayo inaweza kuponywa, ikiwa kiwanda kilitengeneza puli au bomba la kapstani la hezi 50 kwa toleo hilo. Baadhi zina swichi au puli yenye ngazi mbili, na belti inahamishwa tu. Kwenye Akai kadhaa za miaka ya 1960 spidi kubwa inapatikana kwa kuvisha kibomba cha chuma juu ya kapstani, na mashine isiyo nacho imepoteza spidi hiyo. Kuchongesha kwa fundi wa mashine ya lathe kunawezekana, lakini kosa dogo la unene linasikika, na kijiti kisichokuwa duara kamili kinayumbisha sauti milele.

Zipo ambazo hazina shida hii kabisa. Revox A77 na B77 zina mota ya kapstani inayojipima spidi yenyewe kwa saketi, hezi haziihusu. Unaweka tu kichagua volti mahali pake. Uher Report inatumia mawe (betri) makubwa matano, na mota ya mawe haimjui mwalimu wa kwaya. Kwa mtu wa huku anayenunua mara ya kwanza, B77 ya Ulaya iliyopimwa ina thamani kuliko mashine ya Marekani yenye taa nyingi kwa nusu bei. Ina kilo 17, kwa hiyo ikitoka Dar kwa basi ipakiwe ikiwa imesimama au imelala chali, bila rili juu yake, na isiwe chini ya gunia la mtu.

Kichagua volti kikiwa na 220 na 240 bila 230, weka 240. Ukiweka 220 mashine itapata joto zaidi, na joto ndilo linaloua.

Kukagua ukiwa bado na fedha mfukoni

Iwe unanunua kwa mstaafu Njiro au kwenye meza ya mitumba Memorial, Moshi, anza umeme ukiwa haujachomekwa. Zungusha rili kwa kidole: zizunguke kimya, bila kukwama. Zungusha kapstani, ikiwa ngumu kama iliyotiwa gundi, mafuta ya zamani yameganda. Bonyeza rola kwa ukucha. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Ukiwa mgumu na unang'aa kama kioo, utateleza. Ukiwa unanata, umeanza kuyeyuka na lazima ubadilishwe.

Kisha hedi, na hapa usiwe na haraka, maana hedi ni nusu ya thamani ya mashine. Vua kifuniko cha mbele, kwa kawaida kinatoka kwa kuvuta au kwa skrubu mbili. Mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Hedi mpya ina uso wa mviringo laini. Iliyotumika ina kiraka bapa katikati, mahali mkanda unapopita, na hilo ni la kawaida. Pitisha ncha ya ukucha kutoka juu kwenda chini: ukikwama kwenye kingo mbili kama za mfereji, hedi imeliwa na mkanda haugusi vizuri pembeni, na kwenye njia nne utapoteza sauti nyembamba za chaneli moja. Ukiona ufa mweusi wa wima katikati umepanuka hadi unaonekana kwa macho, acha. Akai zenye herufi GX zina hedi za feraiti (aina ya kauri yenye chuma) na kioo ambazo huliwa polepole mno, ila zikigongwa zinavunjika kingo.

Ikiwashwa, jaribu kupeleka mbele kasi, kurudisha na kusimamisha. Ikisimama na mkanda ukabaki umelegea kitanzi, breki zimechoka. Sikiliza chaneli zote mbili. Tundu za nyuma zikiwa za DIN, zile za mviringo zenye pini tano, usiogope: waya wa DIN kwenda RCA unatengenezwa na fundi yeyote wa redio.

Na kwa wanaonunua kwa sababu nyingine: hakuna "zebaki nyekundu", kitu kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, ndani. Uvumi huo ulizipandisha bei cherehani za Singer kule Saudi Arabia mwaka 2009, na hadi leo unazunguka kwenye redio na televisheni za zamani. Kitu hicho hakijawahi kuthibitishwa kuwepo popote. Ukivunja hedi kukitafuta utapata shaba na chuma.

Siku ya kwanza ya umeme

Mashine iliyokaa stoo miaka ishirini usiichomeke moja kwa moja ukutani. Wanaofanya hivyo huishia na moshi, na mara nyingi moshi hautoki kwenye mota bali kwenye kijikapasita kimoja (kifaa kidogo cha kutunza chaji) kinachogharimu kidogo kuliko chai na chapati.

Mashine nyingi za Ulaya, Revox zikiwemo, zina kapasita za karatasi kwenye njia ya umeme mkubwa, zenye ganda angavu la rangi ya asali. Zitazame kwa karibu: ganda lina nyufa nyembamba nyingi, kama tope la mto lililokauka. Kwenye nyufa hizo unyevu umeingia, na zikipewa volti 230 zinapasuka, zinatoa moshi mweupe na harufu inayokaa nyumbani wiki nzima. Zibadilishwe kabla ya kuwasha, siyo baada. Badala yake ni kapasita ya daraja la X2 (daraja la usalama kwa umeme wa ukutani) ya volti 275 au zaidi, yenye uwezo uleule ulioandikwa kwenye ya zamani. Kapasita ya kawaida isiyo ya X2, hata ikiwa na volti kubwa, isiwekwe hapo.

Kisha fundi aunganishe balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme wa mashine. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ukiwasha, balbu ikiwaka kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu imebeba mzigo ambao ungeunguza transfoma ya mashine. Kazi hii ina volti za kuua. Asiyezoea kushika umeme ampe anayezoea.

Baada ya hapo mashine iishi nyuma ya kilinda friji au stabilaiza. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika haujali kwamba spea ni adimu.

Usafi, tone la mafuta, na sumaku

Vumbi letu lina chembe za volkano, na chembe hizo ni msasa. Kila mara kabla ya kusikiliza, au angalau kila saa nane hadi kumi za kazi, safisha hedi, vielekezi vya mkanda na kapstani kwa vijiti vya pamba na alikoholi ya isopropili ya asilimia 99. Inauzwa kwenye maduka ya spea za simu, mafundi simu wanaitumia kuoshea saketi. Spirit ya duka la dawa ina maji na pengine mafuta, inaacha ukungu. Petroli na thina zisikaribie: zinakula plastiki na gundi ya hedi. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikauke.

Ukiona kijiti kimetoka na kahawia hafifu, ni kawaida. Kikitoka cheusi kama kimechovywa kahawa nzito, basi mkanda uliopita unamomonyoka; tutaufikia.

Mafuta ni tone moja, mawili kwa mwaka kwenye bushi za mota, ya cherehani au ya tabaini, yakitiwa kwa sindano. WD-40 siyo mafuta ya mota: inaosha kilichokuwepo kisha inakauka. Mafuta ya kula yanageuka gundi. Na tone likienda kwenye rola au belti umetengeneza tatizo jipya.

Belti zilizoyeyuka ni za kawaida zaidi Moshi kwenye joto kuliko Arusha. Zinakuwa lami nyeusi inayoshika kila kitu. Futa kwa isopropili, vaa glovu. Kupata saizi, zungusha uzi kwenye puli kama belti ilivyopita, pima urefu, kisha agiza belti iliyo fupi kwa asilimia 5 hadi 10. Ikibana kupita hapo inachosha bushi.

Hedi pia hujikusanyia usumaku kidogo kidogo, na sauti nyembamba zinafifia. Dawa yake ni kifaa cha kuondoa usumaku, kila saa 30 hadi 50 za kazi. Zima mashine, weka mikanda mbali. Washa kifaa kikiwa mita moja kutoka mashine, kisogeze polepole, pitisha kwenye hedi na vielekezi bila kugusa, kirudishe polepole hadi mita moja ndipo uzime. Ukikizima kikiwa kwenye hedi, umeitia usumaku kuliko ulivyoikuta. Bora asiyekijua asikitumie.

Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, mara nyingi zimetiwa rangi. Zinaweka hedi wima dhidi ya mkanda. Usizikaze ati zimelegea. Bila mkanda maalumu wa kupimia hutairudisha ilipokuwa.

Mkanda unaonata na unaonuka siki

Inua rili mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwenye rundo la mkanda, ni plastiki ya asetati, mara nyingi ya miaka ya 1950 na 1960. Ikiwa giza tupu, ni plastiki ya poliesta. Asetati inakatika kwa urahisi lakini inakatika safi na kuungika. Poliesta inavutika kwanza, na ilichovuta hakirudi. Asetati yenye harufu ya siki imeanza kuoza, na harufu hiyo inaambukiza rili za jirani: itenge, ihamishe kwenye kompyuta mapema.

Tatizo la pili ni la poliesta za katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzo wa 1990, zile zenye mgongo mweusi usiong'aa. Ampex 406 na 456 ndizo zinazojulikana zaidi. Gundi inayoshika unga wa chuma imenyonya unyevu wa hewa miaka yote hii. Mkanda unapiga kelele kama breki za daladala mteremkoni, unapunguza mwendo, unaacha gundi ya kahawia kwenye hedi. Simamisha papo hapo; kila sekunde inabandua sauti. Tiba ni joto la sentigredi 54 hivi, sawasawa, kwa saa nane au zaidi, kwenye kikaushia chakula chenye kipimo cha joto na feni, kisha ipoe taratibu. Inakupa wiki chache za kuhamisha sauti, haiponyi moja kwa moja. Oveni ya jikoni inaruka joto. Kuanika juani ni kuharibu: upande mmoja unapata moto, mwingine hapana, na mkanda unapinda. Na asetati isipikwe kamwe, itakauka na kuvunjika kama chipsi.

Lakini siyo kila mkanda wa zamani unahitaji kupikwa. Mingi ya BASF na mingi ya nyumbani ya miaka ya 1960 inapiga vilevile ilivyo. Pika kinachonata tu. Anayetaka mkanda mpya wa kurekodi, bado unatengenezwa: RTM huko Avranches, Ufaransa, na ATR huko Pennsylvania, Marekani.

Mkanda ukikatika, kata ncha zote mbili kwa wembe kwa mshazari wa digrii 45, ziguse bila kupandana, bandika tepu maalumu ya kuungia upande wa nyuma. Solotepu ya dukani inatoa gundi baada ya muda na kuunganisha mizunguko ya jirani.

Kuhamishia kwenye kompyuta: toa sauti kwenye tundu za laini (LINE OUT), siyo za hedfoni, kwenda kwenye kadi ya sauti ya USB, rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48 au 96 kwa programu ya Audacity, ambayo ni bure. Hifadhi kwa WAV. MP3 ya kutuma WhatsApp itengenezwe kutoka hapo.

Rili zisimame wima kama vitabu, kwenye boksi lake, kabatini, siyo darini chini ya bati. Wakati wa masika tia pakiti za silika jeli. Umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye spika unatosha. Simu mezani haifuti kitu. Usirudishe mkanda kasi baada ya kusikiliza: uache ulivyoishia kwenye rili ya kulia, mwisho ukiwa nje. Kumbukumbu ya sauti huvuja kidogo kutoka mzunguko mmoja kwenda wa jirani, na ukihifadhi hivi mwangwi mkubwa unakuja baada ya neno badala ya kulitangulia, ambapo sikio halishtuki. Utaurudisha siku utakapousikiliza tena. Kwenye boksi andika kwa penseli: spidi, njia ngapi, nani anaongea, tarehe ya kurekodiwa, na maneno mawili, "mkia nje".